Hofu Baada ya Vita, na Faili Mezani kwa Karani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, na kupigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao kazi iliwazuia kuhudhuria.)



Halmashauri ilitutaka tuseme neno juu ya haki za raia na wajibu wa mtumishi wa Serikali. Jambo hilo ni pana, na hotuba yenye kugusa kila kitu haimwachii msikilizaji kitu cha kwenda nacho nyumbani. Kwa hiyo tumechagua habari moja, iliyotokea Marekani katika miaka 1919 na 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Tumeichagua kwa sababu sehemu yake kubwa haikutendeka vitani wala katika mabaraza ya wakubwa. Ilitendeka juu ya meza za ofisi, katika mafaili, hati, kanuni na sahihi. Yaani mahali ambapo sisi hukaa kila siku.

Kwanza yafaa tukubali kwamba hofu ya watu wa Marekani haikuzuka bure. Vita ilikwisha Novemba 1918. Askari walirudi kutafuta kazi, na bei za vitu zilikuwa zimepanda karibu mara mbili ya zile za mwaka 1914. Katika mwaka 1919 wafanya kazi kiasi cha milioni nne waligoma. Februari mji wote wa Seattle ulisimamisha kazi kwa siku kadhaa. Septemba polisi wa Boston wenyewe waligoma, na mwezi huo huo watu wa viwanda vya chuma nao wakaweka zana chini. Huko Urusi Wabolsheviki walikuwa wameshika serikali tangu 1917, nao walitangaza wazi kwamba mapinduzi yao yataenea duniani kote.

Tena kulikuwa na mabomu ya kweli. Mwisho wa Aprili 1919 vifurushi 36 vyenye mabomu vilitiwa posta, vikapelekwa kwa majaji, mawaziri, maseneta na matajiri. Kimoja kililipuka mjini Atlanta katika nyumba ya aliyekuwa Seneta Hardwick, na mtumishi wake wa nyumbani akapoteza mikono. Usiku ule karani mmoja wa posta ya New York alikuwa akirudi nyumbani kwa treni, akasoma gazetini maelezo ya kifurushi kile: ukubwa wake, karatasi yake, na jina la duka lililoandikwa juu yake. Akakumbuka kwamba katika ofisi yake viko vifurushi 16 vya namna hiyo hiyo, vilivyowekwa kando kwa sababu stempu zake hazikutosha. Akarudi mbio. Vyote vilikuwa mabomu. Ndugu zetu, watu wengi waliokolewa siku ile kwa sababu kanuni ndogo ya stempu ilifuatwa, na kwa sababu karani mmoja alikitazama kila kifurushi jinsi kilivyo. Twawaomba mmweke karani huyo moyoni, maana tutakuwa na haja naye baadaye.

Usiku wa tarehe 2 Juni mabomu mengine yalilipuka katika miji minane. Moja lilivunja mbele ya nyumba ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Bwana A. Mitchell Palmer, mjini Washington, likamuua yule yule aliyelichukua. Basi hatuwezi kuwacheka watu wale na kusema walikuwa waoga. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwatafuta wenye mabomu, kuwapeleka mbele ya hakimu, na kuwaadhibu.

Lakini wenyeji wetu husema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wenye kutega mabomu walikuwa kikundi kidogo, nao hawakuonekana upesi. Walioonekana ni wageni maskini waliokaa Marekani bila kuandikishwa uraia: Warusi, Wapolandi, Waitaliano, Wayahudi, watu wa viwandani na migodini, wengi wao wakiwa wanachama wa vyama vya kisoshalisti au vya wafanya kazi. Hofu ikamwacha nyoka, ikayashika majani.

Agosti 1919 Bwana Palmer aliunda tawi jipya katika Idara ya Sheria la kuchunguza watu wenye siasa kali, akaliweka mikononi mwa kijana wa miaka 24, J. Edgar Hoover. Kijana huyo alikuwa amefanya kazi hapo kwanza katika maktaba kuu ya Bunge, na hapo alijifunza nguvu za kadi zilizopangwa kwa alfabeti. Akaanza kukusanya kadi za watu, vyama na magazeti, na kwa muda mfupi zikapita 200,000. Kadi yenyewe haina ubaya. Sisi sote hutumia kadi. Lakini kadi haiulizi kama habari iliyoandikwa juu yake ni kweli. Mtu aliyeimba katika kwaya ya klabu ya Warusi, na mtu aliyetaka kuipindua Serikali, waliweza kukaa katika sanduku moja.

Sasa yatupasa kueleza sheria iliyotumika, maana pasipo kuijua hatutafahamu yaliyofuata. Sheria ya Oktoba 1918 iliruhusu mgeni atolewe katika nchi akiwa ni mwanachama wa chama kinachofundisha kuipindua Serikali kwa nguvu. Haikulazimu athibitishwe kutenda jambo lo lote baya; uanachama ulitosha. Tena kutolewa nchini hakukuhesabiwa kuwa adhabu, bali kazi ya ofisi tu. Kwa hiyo hakukuwa na jaji wala wazee wa baraza la mahakama. Afisa wa uhamiaji alimhoji mgeni, akaandika faili, na faili likapelekwa Wizara ya Kazi mjini Washington, huko likatiwa sahihi. Mtu mwenye mke na watoto, aliyekaa nchini miaka 10, aliweza kuondolewa kwa sahihi moja.

Tarehe 21 Desemba 1919 meli iitwayo Buford iliondoka New York ikiwa na watu 249 waliotolewa hivyo, ili wafikishwe Urusi. Magazeti mengi yalishangilia, na watu wakataka meli nyingine. Siku zile za mwisho wa Desemba Wizara ya Kazi ikatia sahihi hati za kukamata kiasi cha 3,000 kwa pamoja, kwa ombi la Idara ya Sheria. Hebu fikirini, ninyi mnaojua kazi ya hati: ni nani awezaye kusoma ushahidi wa watu 3,000 kwa siku chache?

Jambo la pili lilikuwa dogo kwa macho, lakini twaliona kuwa baya kuliko lile la kwanza. Palikuwa na kanuni ya 22 katika kanuni za uhamiaji, iliyosema kwamba mgeni ataambiwa tangu mwanzo wa kuhojiwa kwamba ana haki ya kuwa na wakili. Mwisho wa Desemba kanuni hiyo ikabadilishwa, hata mgeni aweze kuambiwa habari za wakili baadaye, mahojiano yakiisha kufika mbali kiasi cha kulinda manufaa ya Serikali. Maneno machache tu yalibadilika katika karatasi. Hapakuwa na mjadala wa Bunge wala tangazo la kupigiwa ngoma. Lakini tangu siku ile mtu asiyejua Kiingereza vizuri aliweza kuulizwa maswali peke yake, na akiisha kujifunga kwa maneno yake mwenyewe, ndipo aambiwe kwamba wakili yuko.

Usiku wa tarehe 2 Januari 1920 msako ukaanza katika miji zaidi ya 30. Maelfu walikamatwa, katika kumbi za mikutano, katika madarasa ya usiku, na katika nyumba zao vitandani. Wengi walikamatwa pasipo hati yo yote, na hati zikaombwa baadaye kwa simu za upepo. Mjini Detroit watu kiasi cha 800 walizuiliwa kwa siku kadhaa katika ushoroba usio na dirisha, ghorofa ya juu ya jengo la Serikali, penye choo kimoja tu. Mjini Boston wafungwa walipitishwa njiani wakiwa wamefungwa minyororo, wakielekea kisiwa cha Deer Island, na picha zao zikatolewa magazetini. Aliyeziona alidhani kwamba watu wenye minyororo lazima wawe watu wa hatari, wala hakujua kwamba minyororo ilitangulia ushahidi. Katika misako yote hiyo haikuonekana akiba ya silaha ya kupindulia serikali. Zilizotajwa kupatikana ni bastola tatu.

Hofu haikukoma kwa wageni. Januari hiyo hiyo Baraza la Jimbo la New York liliwasimamisha wajumbe watano kwa sababu walikuwa Wasoshalisti, ingawa walichaguliwa kwa kura za halali, na Aprili likawafukuza kabisa. Nao Wamarekani weusi waliguswa. Katika mwaka 1919 walishambuliwa katika miji mingi. Mjini Chicago peke yake watu 38 walikufa, weusi 23 na weupe 15. Magazeti ya watu weusi yalipoandika kwamba mtu ana haki ya kujilinda na kupewa haki sawa, Idara ya Sheria ilitoa taarifa Novemba 1919 ikiyahesabu maneno hayo pamoja na uchochezi wa siasa kali. Gazeti moja lililotajwa kwa ubaya ni The Messenger la A. Philip Randolph na Chandler Owen. Hapa twaona tabia moja ya hofu: ikiisha kupata jina la kumwita adui, hulitumia jina hilo kwa kila mwenye kudai haki yake.

Sasa twafika kwa mtu ambaye kwa ajili yake tumeileta habari hii. Jina lake ni Louis F. Post. Alizaliwa mwaka 1849, akawa mwandishi wa gazeti, na tangu 1913 alikuwa Waziri Mdogo wa Kazi. Machi 1920 Waziri mwenyewe, William B. Wilson, hakuwako kazini, na afisa aliyekuwa akishika mahali pake aliondoka ili agombee kiti cha Seneti. Hivyo mafaili yote ya wageni yakaangukia meza ya mzee huyu wa miaka 70. Alikuta malundo. Angaliweza kutia sahihi na kwenda kulala. Magazeti yangalimsifu na wakubwa wangalimshukuru. Yeye akaanza kuyasoma.

Akaketi na makarani wake, faili baada ya faili. Aliyoyakuta ni haya. Wengi walihesabiwa kuwa Wakomunisti kwa sababu chama chao cha zamani cha kisoshalisti kiliyahamisha majina yao yote kwa pamoja katika chama kipya, wala wao wenyewe hawakujua. Wengine walitia sahihi karatasi wakidhani wanajiunga na darasa au chama cha kusaidiana. Wengine ushahidi wao wote ulikuwa maneno waliyoyasema pasipo wakili, au karatasi zilizochukuliwa nyumbani mwao pasipo hati ya upekuzi. Wengine walikaa gerezani kwa kushindwa kutoa dhamana, maana walitakiwa hata dola 10,000, fedha ambazo mfanya kazi wa kiwandani hakuzipata kwa miaka mingi.

Post akaweka njia ya kuamua, nayo haikuwa ngumu. Uanachama lazima uthibitishwe kwamba mtu aliujua na kuukubali. Maneno aliyoyatoa mtu kabla ya kuambiwa haki yake ya wakili hayatahesabiwa. Karatasi zilizotwaliwa kinyume cha sheria hazitakuwa ushahidi. Na hapo alifuata uamuzi wa Mahakama Kuu ya nchi uliotoka Januari 1920. Dhamana kubwa zikapunguzwa. Kufikia katikati ya Aprili alikuwa amekwisha amua mashauri kiasi cha 1,600, na katika hayo alifuta hati 1,141.

Yatubidi kuongeza jambo moja, ili tusimfanye malaika. Post hakuwaachia wote. Palipokuwa na ushahidi wa kutosha alitia sahihi mtu aondoke, hata pale ambapo moyo wake haukuipenda sheria yenyewe. Hati ya kumwondoa Emma Goldman, mwanamke mashuhuri aliyechukuliwa katika meli Buford, ilitiwa sahihi na yeye. Wako waliomlaumu kwa hilo, wakasema kwamba mtu mwenye kupenda uhuru angejiuzulu. Sisi hatumhukumu upesi. Yeye alijiona kuwa mtumishi wa sheria iliyotungwa na Bunge, nzuri au mbaya, na kwa sababu hiyo hiyo alikataa kuongeza juu ya sheria hata chembe moja isiyoandikwa. Aliyetaka kumtoa mgeni nchini ilimpasa kufikisha kipimo chote cha sheria, wala si pungufu. Kama angaliondoka ofisini, lile lundo lingalimwangukia mwingine, na hatuna hakika kwamba huyo mwingine angalisoma.

Kelele zilikuwa kubwa. Bwana Palmer na watu wake walisema kwamba Post anawapenda maadui wa nchi. Aprili 1920 mjumbe mmoja kutoka Kansas alileta azimio bungeni ili Post ashtakiwe na kuondolewa. Mei mzee akaitwa mbele ya kamati. Wajumbe walitazamia kumwona mtu wa maneno matupu. Wakamkuta mtu mwenye mafaili yake kichwani. Kila alipoulizwa juu ya mtu fulani, alieleza ushahidi ulikuwa nini, sheria ilisema nini, na kwa nini aliamua hivyo. Azimio lile halikwenda mbele. Ndugu zetu, ngao ya mzee yule haikuwa ukubwa wa cheo wala rafiki wakubwa. Ilikuwa ni kwamba alisoma kabla ya kutia sahihi, na aliweza kutoa sababu.

Mambo mengine yakafuata upesi. Bwana Palmer alikuwa ametangaza kwamba tarehe 1 Mei 1920 kutakuwa na maasi. Polisi wa New York wakawekwa tayari wote, na siku ikapita kwa amani. Watu wakaanza kucheka, na hofu ikichekwa hupungua. Mwezi huo mawakili 12 wenye jina walitoa taarifa wakionyesha moja baada ya moja sheria zilizovunjwa na Idara ya Sheria yenyewe. Juni Jaji Anderson wa Boston, baada ya kusikiliza mashahidi, alisema kwa maneno makali kwamba kundi la fujo ni kundi la fujo, hata likiwa la maafisa wa Serikali. Mwishoni, katika maelfu yale waliokamatwa, waliotolewa nchini ni zaidi kidogo ya 500. Na Septemba 1920 bomu lilipolipuka Wall Street na kuua watu 38, msako wa namna ile haukurudiwa. Post aliyaandika haya yote katika kitabu alichokitoa mwaka 1923.

Lakini sanduku la kadi halikuchomwa moto. Baada ya Vita Kuu ya Pili hofu ilirudi, na safari hii ilibisha hodi kwa watumishi wa Serikali wenyewe. Machi 1947 Rais Truman alitoa amri kwamba kila mtumishi wa Serikali Kuu achunguzwe utii wake. Hoover yule yule, aliyekuwa mkuu wa wapelelezi tangu 1924, ndiye aliyesimamia upelelezi. Mwanamke mmoja mweusi, Dorothy Bailey, mtumishi wa ofisi ya kutafutia watu kazi, alifukuzwa kwa maneno ya watoa habari ambao majina yao hakuambiwa yeye, wala hawakuapishwa. Alipeleka shauri mpaka Mahakama Kuu, na mwaka 1951 majaji wakagawanyika wanne kwa wanne. Hivyo kufukuzwa kwake kukabaki. Safari hiyo hapakuwa na Louis Post mezani. Mshtakiwa hakuweza kujibu, kwa kuwa hakujua ni nani aliyesema, wala amesema nini hasa.

Basi, ndugu wanachama, habari hii yatufundisha nini sisi? Hatukuileta ili kuwashawishi mwe wakaidi. Mtumishi asiyetii sheria hafai kazi. Lakini hofu ya watu wengi haiwezi kumfikia mtu mmoja mpaka ipitie ofisini. Lazima awepo mwenye kuandika jina, mwenye kupiga hati taipu, mwenye kupanga kadi, mwenye kupiga muhuri. Mkubwa hutoa amri kwa maelfu. Ni sisi tunaoigeuza amri hiyo kuwa karatasi ya mtu mmoja mwenye jina. Kwa hiyo mahali petu si padogo kama tunavyodhani.

Karani akiandika katika faili kwamba fulani ni mtu mbaya, na aandike pia ni nani aliyesema na alijuaje. Kama hajui, asiandike kana kwamba anajua. Kanuni inayompa mtu nafasi ya kujibu isirukwe kwa kisingizio cha haraka, maana ni katika haraka kanuni hiyo ina kazi, kama vile breki ina kazi kwenye mteremko. Na mtu asihukumiwe kwa wenzake. Twajua methali isemayo kwamba samaki mmoja akioza huoza wote. Ni methali ya kweli sokoni, kwa sababu samaki wamekufa. Watu walio hai hawaozi kwa kukaa tengani pamoja. Kila mmoja ana akili yake na atajibu kwa tendo lake.

Tuliwaomba mmkumbuke yule karani wa posta. Yeye na mzee Post walifanya kazi moja. Karani alivitazama vifurushi kimoja kimoja akaona hatari iliyokuwamo. Mzee alitazama mafaili moja moja akaona kwamba katika mengi hapakuwa na hatari. Waliomkimbilia kila mgeni hawakuona hatari ilipokuwako wala ilipokosekana, kwa maana walitazama lundo.

Kesho saa ya kazi kila mmoja wetu atakuta mafaili mezani pake. Katika kila faili yumo mtu, ambaye huenda hatamjua maisha karani aliyelisoma. Na tulisome.